Sukuma Wiki za Al-Safa

Jumamosi, 24 Januari
Habari njema! Madam amenikabidhi ua wa nyuma. Mimi, Japheth, dereva, sasa ni mkulima pia. Mama yake anakuja kutoka Riyadh kabla ya Ramadhani, na madam anataka akute kijani kuanzia ukutani hadi mlango wa jikoni. Asipokuta, bosi, mumewe, ataleta mafundi waweke vigae ua mzima, halas, mambo kwisha. Nimemwambia mafi mushkila, hakuna shida, kwetu Vihiga tunazaliwa na jembe mkononi. (Ukweli ni kwamba jembe nililikimbia, ndiyo maana nikawa dereva. Madam hahitaji kujua yote.)

Yeye anadhani nitapanda maua. Thubutu! Nitapanda sukuma wiki. Tangu nije hapa mtaa wa Al-Safa, Jeddah, nimekula wali, wali, na kuku juu ya wali. Dada yangu Jerioth alinitumia mbegu, zimelala ndani ya soksi zikisubiri siku hii. Metrine, mwenzangu anayefanya kazi za ndani, nimemwahidi kwamba Ramadhani haitaingia kabla hajapika ugali kwa sukuma ya mkono wangu. Amecheka. Lakini amecheka vizuri.

Jumapili, 25 Januari
Nimelima. Mgongo jamani! Hapa hakuna udongo, kuna mchanga na vipande vya saruji. Protus, mlinzi wa nyumba ya jirani, amechungulia juu ya ukuta akaniuliza ninamzika nani. Huyu Protus ana vyungu vyake vya mnanaa na anajiona afisa kilimo. Akanishauri ninunue mbolea ya mfuko, kavu, iliyoiva. Mbolea ya dukani! Kwetu mbolea hutoka kwa mnyama. Nimemshukuru kwa sauti ya mtu asiyekuwa na nia ya kufuata.

Jumatatu, 26 Januari
Madam alishinda kwa dada yake mtaa wa Al-Rawdah. Aliniambia nimfuate jioni, mimi nikaenda soko la mifugo. Mchungaji mmoja Msudani akanipa samadi ya mbuzi bure. Mbichi, bado inatoa mvuke, imechanganyika na mabaki ya barsimu, yale majani wanayolishwa mbuzi huku. Akauliza gari langu la kubebea liko wapi. Nikamwonyesha gari la madam. Akaita wenzake waje waone. Buti lilijaa magunia mpaka likakataa kufungika. Nilitandika magazeti. Magazeti hayakusaidia kitu.

Jumanne, 27 Januari
Madam ameingia garini, akatoka. Akauliza ni nini kimekufa humo. Nikasema ni mtaro wa barabarani. Akauliza mtaro umeingiaje ndani ya gari. Swali gumu. Nimefukiza udi, madirisha yote nimefunga. Sasa gari linanuka kama mbuzi anayekwenda harusini. Bosi ameapa kwamba nikilichafua tena nitamwendesha madam kwa baiskeli. Sawa tu. Samadi iko ardhini, mbegu ziko ardhini, na Protus amefunga dirisha lake. Ushindi!

Jumatatu, 2 Februari
Imeota! Kijani kila mahali, kizito kama zulia la sebuleni. Nikamwita Metrine mlangoni. Akatazama, akatazama tena, akauliza ni sukuma gani yenye majani matatumatatu. Nikamweleza kwamba ni mambo ya mchanga wa huku, ikikua itajirekebisha. Protus alicheka mpaka kofia yake ikaangukia upande wetu. Anadai ni barsimu, eti mbegu zilikuja na samadi, eti ile ya mfuko haina mbegu. Wivu mtupu. Kofia sijamrudishia.

Jumamosi, 7 Februari
Ni barsimu.

Nimepiga magoti nikatafuta sukuma. Nimezikuta chache kule kona, zimekonda, zinachungulia juani kwa taabu. Nikiing'oa barsimu, ua unabaki mtupu na vigae vinakuja. Nikiiacha, sukuma zangu zinasongwa. Nilikaa karibu na bomba la maji na moyo ukaniuma kweli. Nilitaka sahani moja tu! Metrine akaniletea chai, akasema niache kijani kisimame na zile za kona tutagawana hata kama ni tonge moja. Nimeacha. Mtu mzima, nimeshindwa na chakula cha mbuzi.

Jumatano, 11 Februari
Mama kabira amewasili. Ndivyo tunavyomwita mama yake madam. Hata chai hakunywa, akaenda moja kwa moja uani. Nikajificha nyuma ya mashine ya kufulia. Mara kilio! Kumbe ni cha furaha. Marehemu baba yake alifuga mbuzi nje ya Riyadh, na yeye ndiye aliyekata barsimu kila asubuhi, na harufu hiyo hajainusa tangu utotoni. Akauliza ni nani mwenye akili hizi. Nikatoka upesi. Nikasema nilimwomba Mungu anionyeshe cha kumpandia mgeni wetu, akanionyesha barsimu. Madam alinitazama muda mrefu. Vigae vimefutwa!

Alhamisi, 12 Februari
Mama kabira amesema barsimu bila mbuzi ni israfu. Ameagiza wawili, wakafika adhuhuri. Wakaivuka barsimu yote kwa madaha, wakaenda kona, wakala sukuma. Zote! Halafu wakalala juu ya barsimu wakacheua. Metrine alikuwa ameshateleka maji ya ugali. Protus hakucheka hata kidogo, aliomba tu kofia yake kwa upole. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Ijumaa, 13 Februari
Nimetafakari. Kosa si langu, ni la mbuzi. Mbuzi hana adabu. Ng'ombe ana adabu, hula alichowekewa. Nimemnong'oneza mama kabira kwamba kwetu boma bila ng'ombe si boma. Akafurahi sana. Ana mpwa wake mwenye ng'ombe huko Riyadh, anaweza kutoa ndama. Metrine nimemwahidi maziwa. Amecheka tena, nadhani anaanza kunikubali. Protus anasema ng'ombe hatapita mlango ule. Nimeupima kwa kamba, atapita kiubavu.

Usafiri? Yalla, nimeshapanga. Baada ya Idi ni mimi ninayemrudisha mama kabira Riyadh. Wakati wa kurudi nitakuwa peke yangu na kiti cha nyuma kitupu. Madam hana haja ya kusumbuliwa na habari hizi. Ndama mdogo anaenea pale bila shida. Nitamfunga mkanda.