Kishikio Chenye Ua

Jumatatu, tarehe 7 Oktoba

Mke wangu ameondoka asubuhi kwenda kumuuguza mama yake. Mama mkwe vidole vimekakamaa, hata kijiko hakishikiki. Kaniachia karakana yetu na onyo moja: nisiiguse printa. Hata kuipangusa vumbi nisithubutu.

Printa yenyewe si ya karatasi. Inayeyusha uzi wa plastiki na kuutandaza mstari juu ya mstari mpaka kitu kinasimama. Kaiunda mwenyewe, mwaka mzima, kwa vyuma vya mashine zilizokufa. Ijumaa linaanza kongamano la kimataifa la mafundi wa namna hii, wanaounda vitu kwa kompyuta, kutoka kila pembe ya dunia, na sisi tumepewa meza. Ataonyesha kishikio alichombunia mama yake: kinavalishwa kijiko, na mtu asiyeweza kufumba vidole anakula mwenyewe. Wageni wakikipenda, kitachapwa huko kwao kwa ajili ya mama za watu. Jambo hili analiota usingizini, na anaongea.

Mimi ni seremala. Kazi yangu kwenye kongamano ni kubeba meza. Limeniuma kidogo.

Jumanne, tarehe 8 Oktoba

Nimeigusa.

Wa kulaumiwa ni Fundi Saa, jirani yetu wa karakana ya pili, ambaye naye kapewa meza. Kapita na aproni mpya yenye mifuko mingi kuliko zana zake, akaniuliza kwa upole kama wabeba meza watapewa vitambulisho. Nikaona dawa yake ni moja tu. Meza yetu iwe na sanamu ya kichwa changu, kubwa, katikati.

Nikajipiga picha pande zote, kompyuta ikaziunganisha. Nikaongeza mwendo ili kichwa kiishe kabla ya chakula cha mchana. Kidevu kilitoka vizuri sana. Mdomo pia, wa heshima. Ilipofika puani, printa ilikohoa, ikanuka sufuria iliyoungua, ikaanza kutapika nyuzi. Sasa nina nusu kichwa chenye nywele mahali pa macho. Nimeipuliza. Nimeibembeleza. Kimya.

Alhamisi, tarehe 10 Oktoba

Mke wangu kapiga simu. Mama anaendelea vizuri, yeye atafika Jumamosi. Kesho nifungue meza peke yangu, na leo nichape vishikio sita. Ameniruhusu kubonyeza kitufe kimoja. Nikamwambia vinachapwa hivi tunavyozungumza, nikakwaruza meza kwa kitana ili asikie mlio. Akasema sawa, mume wangu. Nikajisikia vibaya. Halafu njaa.

Basi nimechonga. Mti laini, mwepesi, rangi ya buluu juu yake, kisha kwa msumeno mwembamba nikakizungushia kila kimoja mistari, ionekane printa imepita. Uchungu ulioje, seremala kuuharibu kwa makusudi uso aliokwisha kuupiga msasa! Kimoja nilikichongea ua dogo ubavuni, maana pale mahali palikuwa patupu, pananitazama. Nikaona si haki kwa vingine. Vyote sasa vina maua.

Ijumaa, tarehe 11 Oktoba

Ukumbi umejaa lugha. Roboti ya kumwagilia mboga imenilowesha viatu. Kwetu wanasimama wengi kuliko kwa Fundi Saa, na nimehakikisha analiona hilo.

Mgeni mmoja, mama mrefu mwenye nywele nyeupe, alikishika kishikio muda mrefu bila kukirudisha. Mkalimani akasema anaomba faili. Nikampa faili tuliyo nayo, ile ya kahawia yenye kamba. Akacheka, akaeleza kwamba faili ni mchoro ulio kwenye kompyuta, na desturi ya hapa ni kumpa kila aombaye, bure. Mchoro wetu hauna ua, nao ungeniumbua; nikajibu kwamba ni siri ya ukoo. Uso ukamsawijika. Mkalimani akaninong'oneza kwamba meza isiyotoa mchoro huondolewa. Fundi Saa, ambaye hakuulizwa, akasema ni kweli kabisa.

Nikatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Nikaahidi faili kesho.

Jumamosi, tarehe 12 Oktoba

Mke wangu amekuja ukumbini moja kwa moja na mkoba wake wa safari. Akakigeuza kishikio mara moja tu. Akampa mgeni mchoro, na Fundi Saa akajitolea kuuchapa kwenye printa yake, kwa furaha isiyo ya kiungwana. Viwili vikawekwa pamoja. Cha printa kitupu, kimenyooka. Changu kina ua, na mistari yake imelala upande, maana mimi ni mtu wa shoto. Watu wakalitazama ua. Kisha mimi.

Mke wangu akamweleza mkalimani, polepole, kwamba mumewe kaiharibu printa, kisha akaona ni rahisi kuchonga sita kuliko kusema neno moja. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini yule mama mrefu alikuwa amevishika vyote viwili, na hapo ndipo nilipoona vidole vyake navyo havifumbi. Akasema cha plastiki kinamteleza. Changu, kidole gumba kinatulia juu ya ua. Akaomba ua liongezwe kwenye mchoro kabla haujasafiri.

Mke wangu alilia, nami nikalia. Tukiwa njiani kurudi akaniambia mlio wa printa yake anaujua, na kitana pia anakijua. Tangu Alhamisi alikuwa akisubiri nimwambie ukweli. Hilo limenichoma kuliko aibu ya ukumbini. Nimemwomba radhi kwa moyo wote. Nimeapa: uongo basi.

Jumapili, tarehe 13 Oktoba

Printa imepona; mke wangu kaitengeneza jana usiku. Mke wangu yuko ukumbini, anaaga wageni. Wameagiza vishikio arobaini vyenye ua, wamesisitiza viwe vya kuchongwa kwa mkono, na wanaondoka kesho. Mkono wangu wa kuchongea ni mmoja na umevimba.

Nimechapa kimoja, kwa majaribio tu. Nimekipiga msasa mpaka mistari imepotea, nikakipaka rangi ya mti. Hata mimi nimedanganyika. Tatizo ni ua. La printa limetoka zuri kuliko langu. Itabidi niliharibu kidogo.