Kapteni Thorndike na Barua Zilizopimwa Uzito

Wananchi wote wa Port Haskell, jimbo la Maine, mnatangaziwa kwamba Kamati ya Kupokea, Kuheshimu na Kufungia Nyaraka imetimiza wajibu wake kwa mafanikio makubwa. Mimi, Josiah Wadleigh, ndiye Katibu wake, kwa hiyo habari hii ni ya kuaminika.

Kapteni Amos Thorndike alitumikia jeshi la majini miaka arobaini. Ishirini na minne kati ya hiyo alikaa nchi kavu akisubiri meli, akapandishwa cheo mara mbili kwa kusubiri vizuri. Mwaka 1871 akapewa meli ya Minerva, iliyoundwa papa hapa kwenye karakana ya mzee Pruitt. Ilizama siku ya tatu, bahari imetulia kama maji ya beseni. Mabaharia wote waliokolewa. Kapteni alitoka wa mwisho. Mahakama ya kijeshi ilizikataa barua zake za kujitetea kwa kuwa hazikuwa na nakala tatu. Akafa na aibu yake. Mzee Pruitt akachongewa sanamu.

Mwaka huu wa 1909, binti wa Kapteni, Bi Keziah, mwalimu mstaafu, alituletea masanduku matatu ya barua hizo.

"Nawapeni bure," alisema. "Sharti moja tu: zisomwe hadharani."

Meya wetu, Mheshimiwa Lysander Pruitt, mwana wa mzee Pruitt na mrithi wa karakana, alifurahi mno. "Hatimaye Kapteni atakiri kwa maneno yake mwenyewe!"

"Lysander, hebu zisome kwanza," Bi Keziah akamwambia.

"Mwalimu, kusoma ni kazi ya Kamati."

"Hata darasani ulikuwa unanijibu hivyo hivyo."

Kamati haikuzisoma. Ilizipima uzito, ikaridhika.

Siku ya sherehe bendi ilipiga, supu ya chaza ikagawiwa, nami nikapanda jukwaani. Nikasoma barua ya Kapteni kwa mzee Pruitt: "Bwana, nimechomeka kidole kwenye ubao wa meli yako, kikatokea upande wa pili."

Watu wakaacha vijiko. Nikasoma jibu, lenye sahihi ya mzee Pruitt: "Paka rangi, Kapteni. Rangi hushika."

"Katibu, inatosha!" Meya alininong'oneza, jasho likimtiririka.

"Endelea, mwanangu," Bi Keziah akasema. "Nimengoja miaka thelathini na minane."

Nikaendelea. Mara kumi na moja Kapteni aliomba meli ikaguliwe. Mara kumi na moja Wizara ya jeshi la majini ilimjibu: barua yako imepokelewa, ng'oa nanga.

Ratiba ikafika kipengele cha mwisho: wananchi kupanda feri mpya, kazi ya karakana ya Meya. Feri iling'aa kweli kweli. Hakuna aliyesogea.

"Tangulia wewe, Mheshimiwa!" muuza samaki Philo Crockett alipaza sauti. "Tukikuona unaelea, tunakuja!"

Watu wakaangua kicheko. Meya akaweka mguu mmoja kwenye feri, akazisikiliza mbao, akaurudisha. Akafafanua kwamba majukumu ya umeya yanamhitaji nchi kavu.

"Baba yangu alijua Minerva imeoza," Bi Keziah akasema, "na bado alipanda. Vijana wake walikuwa wameshapanda."

Kicheko kikakatika. Watu wakavua kofia, mmoja mmoja, mpaka wapiga tarumbeta. Meya naye akaivua yake haraka, akasimama wima. Alidhani wimbo wa taifa unaanza.