Mtungi wa Uvundo wa Mzee Ruan

Jumatano, 6 Novemba

Mvua. Baridi imeingia mpaka kwenye mifupa. Baba bado hai, lakini hospitali imetwambia tumweke nyumbani. Saratani ya tumbo. Hakuna tena la kufanya ila dawa ya maumivu.

Leo katugawia urithi, kitandani, sauti yenyewe ya kusikilizwa kwa kuinamia. Nyumba tugawane mimi na shemeji Xingdi, mjane wa marehemu kaka. Sawa. Ila mtungi wa uvundo kampa Xingdi peke yake! Mimi, Ruan Bocai, mtoto wake pekee aliyebaki, miaka hamsini na miwili, nimeachiwa baiskeli. Haina breki.

Mtungi ule aliuanzisha babu yake Baba. Maji yake hayajawahi kumwagwa. Kila kiangazi yanaongezwa mabua ya mchicha, yanaoza humo, na tofu, jibini ya soya, inayolazwa ndani inatoka na harufu inayosikika ng'ambo ya mfereji. Uvundo, ndiyo. Lakini ni uvundo ambao watu wa mji wetu wa Shaoxing hupanga foleni kuula. Maji yale hayatoki nje ya ukoo, ila binti akiolewa huondoka na gudulia moja.

Baba anasema Xingdi ameuhudumia miaka ishirini. Na mimi? Nimeunusa miaka hamsini na miwili! Hiyo si huduma?

Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Nimemwombea Xingdi alikumbuke hilo.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimekutana na Tang, rafiki yangu tangu shule. Anafungua mgahawa karibu na daraja, wa watalii wanaotaka vyakula vya ajabu vya wahenga. Anao kamba walevi, wanaorukaruka bado kwenye bakuli la mvinyo. Anayo mayai meusi yaliyolazwa kwenye chokaa. Anazo ndimi za bata. Hana uvundo wa kale.

Kasema nimpelekee nusu ya mtungi. Picha yangu itatundikwa mlangoni, nimevaa kofia nyeupe ndefu, na chini maandishi: Fundi wa Uvundo, Kizazi cha Nne.

Sijawahi kutundikwa ukutani mahali popote, ila kwenye orodha ya walioshindwa mtihani. Nimekubali kabla hajamaliza sentensi.

Ijumaa, 8 Novemba

Kazi imekwisha!

Mchana Xingdi alikwenda kuchukua dawa ya Baba. Nikaazima ndoo mbili kwa Tang. Zilikuwa zimebeba mafuta ya kukaangia, nikazisuuza haraka haraka. Nikachota nusu ya mtungi. Pengo nikalijaza maji ya bomba, kwa ndoo zile zile. Xingdi hutumia maji ya mvua yaliyochemshwa yakapoa, lakini wanawake wana mambo. Maji ni maji.

Katikati ya kazi Baba akaniita kutoka chumbani. Akauliza, "Bocai, unafanya nini huko?"

Nikamjibu nafunika mtungi, mvua isiingie.

Kisha akasema, "Ahsante, mwanangu. Nilidhani hujali."

Hilo liliniuma. Liliniuma mpaka darajani, ndoo zikiwa mikononi.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimepigwa picha. Kofia ilinishukia machoni, lakini Tang anasema inanipa siri.

Nyumbani si kuzuri. Xingdi alifunua mtungi asubuhi akasimama hapo muda mrefu, kifuniko mkononi. Juu ya maji kuna utando mweupe, na vijiduara vya mafuta. Harufu imebadilika. Uvundo ulio hai unakuita mezani. Huu sasa ni wa panya aliyekufa nyuma ya kabati.

Nikasema huenda ni paka. Xingdi akasema hatuna paka. Nikasema basi ni hali ya hewa.

Akakirudisha kifuniko polepole. Hilo sikulipenda.

Jumapili, 10 Novemba

Siku mbaya.

Baba hajala kitu siku tatu. Leo kaomba chakula chake cha tangu utotoni, uvundo mara mbili: tofu ya mtungini pamoja na mabua ya mchicha, vimepikwa kwa mvuke kwenye bakuli moja. Kaomba kwa jina. Xingdi alijua, mimi nilijua, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Akapika.

Baba akatia kipande kidogo kama ukucha mdomoni. Akakiacha juu ya ulimi. Hakukitema. Akafumba macho.

"Mwenzangu mtungi ametangulia," akasema. "Nilidhani nitaondoka mimi kwanza."

Akageukia ukutani.

Jikoni Xingdi akaniuliza, bila kupaza sauti, "Shemeji, ulitumia ndoo gani?"

Nikasema ndoo ipi tena. Akasema, "Basi," akaendelea kuosha bakuli. Bora angenipiga.

Nikakimbilia kwa Tang kuchukua nusu yangu. Haipo! Mpishi wake mkuu, mtu wa kutoka mbali, aliona maji yanatoa povu akaogopa wakaguzi wa afya. Akayatia dawa ya kusafishia vyoo, akayamwaga. Watalii wanakula tofu ya kiwandani iliyopakwa mchuzi mweusi, na wanaipiga picha. Vizazi vinne vimeingia kwenye mtaro kwa siku mbili.

Picha yangu bado iko mlangoni. Imetoka vizuri.

Jumatatu, 11 Novemba

Xingdi kasema limebaki jambo moja. Shangazi Yunxian, dada yake Baba, aliolewa kijijini miaka hamsini na minane iliyopita na akaondoka na gudulia lake. Kama bado analo, maji ni yale yale. Na kwa kuwa mimi ndiye mtoto wa kaka yake, niende mimi. Yeye hawezi kumwacha Baba.

Shangazi hasemi nami tangu nilipomshawishi kufuga uyoga chini ya kitanda chake. Nilipofika alinitazama kana kwamba nimekuja na uyoga mwingine. Nikamweleza hali ya Baba. Nikaeleza kwamba mtungi umeharibika wenyewe.

"Mtungi hauharibiki wenyewe," akasema. "Lakini sikupi wewe. Nampa kaka yangu."

Akanipa gudulia dogo, kalifunga kwa kitambaa cha buluu. Akaniagiza: kwa baridi hii tofu inataka siku nzima humo ndani, usiku na mchana, kwa hiyo niende moja kwa moja, nisisimame popote. Nikamwapia.

Nilikuwa mjini saa nane kasoro. Basi linapita mbele ya mgahawa wa Tang. Nikachungulia tu dirishani. Picha yangu haipo mlangoni!

Nikashuka. Imehamishiwa karibu na choo. Mahali pangu wameweka ya kamba. Nikasema na Tang. Nikasema kwa utulivu, kisha bila utulivu. Nikanywa mvinyo wa kupashwa moto ili nirudie utulivu. Tukakubaliana picha ihamie kwenye korido.

Nimefika nyumbani saa kumi. Xingdi alikuwa amesimama mlangoni, tofu ameshaikata. Akaitumbukiza hapo hapo. Nikamweleza kuhusu foleni barabarani.

Jumanne, 12 Novemba

Baba amefariki. Saa tisa na dakika kumi alasiri.

Tangu asubuhi Xingdi alikuwa akimwambia tofu inakuja, ni ya gudulia la Yunxian. Alielewa. Alikuwa anaangalia mlango wa jikoni. Saa nane aliuliza kama tayari. Xingdi akamwambia zimebaki saa mbili. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayeambiwa basi limechelewa lakini linakuja.

Baba hakuifikia saa hiyo.

Saa kumi Xingdi aliitoa, akaipika hivyo hivyo. Ulikuwa uvundo wenyewe, ule wa utoto wangu, ukajaza nyumba nzima. Akaweka bakuli kando ya mto wa Baba. Akapuliza kwanza ipoe, kama alivyozoea kumfanyia.

Nimelia. Sikujua kama ninaweza kulia kiasi hicho. Nimepiga hesabu ya saa mara nyingi, na kila mara jibu ni lile lile. Ningekuja moja kwa moja, Baba angekula.

Kosa ni la Tang. Nani anahamisha picha ya mtu bila kumwambia?

Ijumaa, 15 Novemba

Tulimzika Baba jana. Leo karamu ya tofu, kama ilivyo desturi yetu ya msiba: tofu nyeupe, haina rangi, haina harufu. Shangazi Yunxian alikaa karibu na Xingdi wakashikana mikono. Mimi nilikaa karibu na mlango, penye upepo.

Xingdi ameumwaga mtungi mkubwa, akausugua kwa majivu, akausuuza kwa maji ya mvua. Maji ya gudulia ameyatia humo. Yanafunika chini tu, bakuli tatu hivi. Mchicha wa kuongezea haupatikani mpaka kiangazi. Kasema mbele ya wote kwamba mpaka hapo asiyaguse mtu yeyote. Wote wakanitazama. Nikaapa kwa jina la Baba. Niliapa kwa moyo wote, machozi yakinitoka.

Baada ya chakula Tang akaja kutoa pole. Kanivuta pembeni. Mpishi wake mkuu amefukuzwa. Watalii wameanza kuulizia uvundo wa kweli. Na ukuta wa mlangoni, kasema, uko wazi.

Bakuli tatu. Nikichukua moja zinabaki mbili, na mbili ni nyingi kuliko moja. Pengo nitalijaza, atajuaje?

Na safari hii nimetumia akili. Ndoo ni mpya, nimeiosha kwa sabuni ya waridi mara tatu. Xingdi kesho anakwenda kaburini mchana. Na chumbani hakuna tena wa kuniuliza nafanya nini huko.