Mpera wa Justa na Oleanda Yangu

Jumatatu, 19 Aprili 1993

Mvua tangu alfajiri. Nimetoka nje, nimekuta tawi jingine la mpera limevunjwa. Miswaki! Nusu ya Butimba inasafisha meno kwa mpera wangu. Wanachuo wakipita, wanavunja. Wauza maziwa wakipita, wanavunja. Mapera yenyewe wanayaangusha yakiwa mabichi, wanayang'ata, yakiwashinda wanayatupa langoni kwangu. Wahenga walisema mti wenye matunda ndio hupigwa mawe. Sasa mwenye akili anafuga mti wa matunda wa nini?

Hata mimi niliwahi kuwa mti wa matunda. Nilipokuwa mtunza ghala la pamba, shikamoo zilianza kunifikia nikiwa bado mbali. Ulipokuja upepo huu wa mageuzi nikapunguzwa kazi, hata Mhoja, ambaye nilimwingiza kazini mwenyewe, akiniona anavuka barabara. Mapera yameisha, kwaheri mti.

Mchana amekuja jirani yangu Odoyo na pikapu yake inayonuka sangara. Anatoka Kamanga, ng'ambo ya ziwa, kununua samaki. Kaniletea salamu: baba mkwe wangu, Mzee Nkwabi wa huko huko Kamanga, anakuja Jumamosi pamoja na mke wangu Justa. Wanakuja kuangalia kama nimebadilika. Justa aliondoka kabla ya Krismasi, siku niliyowafukuza watoto wa dada yake wasichume mapera. Alisema hawezi kuishi na mtu ambaye mgeni akibisha hodi yeye anazima redio. Mzee akiridhika, Justa atabaki. Asiporidhika, basi tena.

Namtaka Justa arudi. Nyumba hii imekuwa kama lile ghala baada ya msimu. Haya, nimeandika.

Jumanne, 20 Aprili

Bahati! Nimepita nyumba za wakubwa kule mlimani. Kwa mzungu mmoja nimemkuta mtunza bustani, Maige, anang'oa maua mazima mazima. Marefu kuliko mimi, majani membamba, maua ya rangi ya waridi kochokocho. Yanaitwa oleanda. Nikauliza yana kosa gani. Maige akasema mbwa wa bosi alitafuna matawi, akafa siku hiyo hiyo. Mmea wote ni sumu, majani, maua, shina, hata maji yake. Ukishaushika, osha mikono.

Nimerudi nyumbani nikiwaza. Mpera: unaleta watoto, nzi, popo, ndugu wa mke na mawe juu ya bati. Oleanda: hailiwi, haiibiwi, haiombwi, halafu inachanua. Hata jua kali hailiogopi. Ningepewa kuzaliwa upya, ningezaliwa oleanda.

Jioni nimerudi kwa Maige, nimemwomba anipe miche michache. Kasema nichukue yote, anipe na koleo.

Alhamisi, 22 Aprili

Nimeukata mpera. Umekuwa mgumu, ungedhani una mwenyewe. Kweli unaye: Justa aliupanda mwaka tulipooana. Lakini atakapoona lango limepambwa kama la meneja wa kiwanda cha minofu ya samaki, atasahau.

Oleanda nimezipanda pale pale, mstari mmoja kando ya lango. Mbuzi wa Odoyo kaja mbio kama kawaida yake. Kanusa. Kanitazama. Kaenda zake. Nimecheka peke yangu mpaka machozi. Yule mbuzi amekula mchicha wangu, shati langu na fagio.

Odoyo katokeza kichwa juu ya uzio, kauliza mpera uko wapi. Nikamjibu kwamba mambo ya mpera ni ya zama za ujamaa. Kasema maua hayaliwi. Nikamwambia ndiyo maana yake. Katikisa kichwa, kanipa parachichi. Ana mparachichi pale uani, na kila jioni watu wamejaa chini yake utadhani kuna mkutano wa chama. Parachichi nimelila. Lilikuwa tamu, kwa bahati mbaya.

Jumamosi, 24 Aprili

Wamekuja! Nimempa mzee shikamoo mpaka chini. Justa kavaa gauni la buluu. Kasimama langoni muda mrefu, nikadhani anayashangaa maua. Kumbe anatazama kisiki. Kauliza mti wake umepatwa na nini. Nikasema mchwa. Kauliza tangu lini mchwa wa Butimba wana shoka.

Lakini kacheka kidogo! Nimeona mwenyewe. Halafu kasema maua si mabaya. Kaingia jikoni, kafagia, kalalamika juu ya masufuria yangu. Nimesikiliza malalamiko yale kwa raha ambayo sikuitegemea. Nimechinja jogoo. Odoyo naye akajipitisha na sato wawili ambao hakuna aliyemwagiza, akakaa, akamchekesha mzee mchana kutwa. Mkwe ni wangu, mcheshi ni yeye!

Mzee kaniambia kwamba anaona nimejitahidi. Atalala chumba cha nje, kesho ibadani, Jumatatu anavuka kurudi kwake. Justa atabaki. ATABAKI!

Nilifikiria kuwaambia habari ya sumu. Nikaona, ya nini? Ukimkaribisha mtu kwako, humwambii kwanza ubaya wa paa lako. Na nani atakula ua?

Jumapili, 25 Aprili

Loo! Sijui nianzie wapi.

Mzee kaamka kabla yetu. Kila akija hapa huvunja mswaki kwenye mpera. Leo mpera hakuna, kavunja oleanda. Katafuna. Kasema mwenyewe baadaye kwamba ilikuwa chungu kupita mwarobaini, kwa hiyo akajua ni dawa, akazidi kutafuna na maji yake akameza. Chungu, basi dawa! Mbuzi wa Odoyo alinusa akaenda zake, mtu mzima mwenye wajukuu anameza.

Tumemkuta kainamia kisiki, kijiti cha oleanda bado mkononi, anatapika, jasho linamtoka, mapigo ya moyo yanakuja yakipenda. Justa kaniuliza ule mti ni mti gani. Nikasema ni ua tu. Kaniuliza tena. Nikasema ni ua la kizungu.

Odoyo katubeba kwa pikapu mpaka hospitali. Mzee kalazwa juu ya magunia ya samaki, kichwa mapajani mwa Justa. Daktari kauliza mgonjwa amekula nini. Kuku, akasema Justa, na sote tumekula. Kauliza kuna kingine. Nilimtazama mzee, midomo imebadilika rangi, nikaogopa. Nikasema mbwa alikufa. Daktari kauliza mbwa gani. Nikasema wa mzungu, alitafuna kile kile.

Basi yakatoka yote. Justa hakupiga kelele. Kaniuliza jambo moja tu, kama nilijua tangu jana wakati mzee ananisifu. Nikasema nilijua tangu Jumanne. Nilidhani ukweli utanisaidia.

Jumanne, 27 Aprili

Mzee yu mzima. Kanywa uji, kaomba na chai. Daktari kasema tungechelewa kidogo tungekuwa tunazungumza mengine. Na nani alimwambia daktari? Si mimi? Badala ya kushukuriwa natazamwa kama mchawi. Asante ya punda mateke.

Justa kavuka na baba yake. Gauni la buluu lile lile. Nilisimama gatini nikapunga mkono mpaka kivuko kimekuwa kidogo. Mzee kanipungia. Yeye hapana.

Hapa mtaani wanasema nilitaka kumuua mkwe. Wanachuo wanapita upande wa pili wa barabara. Hodi hakuna. Nimewasha redio kwa sauti, mtu yeyote asikie kwamba nipo.

Jumamosi, 1 Mei

Mei Mosi. Wafanyakazi wamepita na mabango na tarumbeta. Mhoja alikuwemo, kofia mpya. Sikutoka.

Odoyo kaja na ujumbe kutoka Kamanga. Justa anasema hivi: ning'oe zile oleanda zote nizichome mbali na watu, nipande mpera, kisha nivuke mwenyewe nikamwombe mzee msamaha. Nikifanya hayo, atarudi. Odoyo kaniletea na mche wa mpera, ameuotesha ndani ya kopo la maziwa. Kasema kama nataka, anisaidie kuchimba leo leo. Machozi yalinilengalenga. Nimesingizia moshi.

Alipoondoka nimekaa, nimepima jambo hili kwa akili ya mtu aliyetunza ghala. Mwanamke anayetoa masharti ni mwanamke anayetaka kurudi. Anayetaka kurudi atarudi. Kwa nini basi niharibu bustani? Tena msamaha kwa kosa gani? Sikumpa mzee mswaki. Tatizo ni kwamba wamelichukia ua bila kulizoea. Wakilizoea, yatakwisha.

Mche wa mpera nimeuweka nyuma ya choo, nitaupanda nikipata nafasi. Halafu nimechagua oleanda iliyo nzuri kuliko zote, yenye maua mengi, nimeing'oa na udongo wake, nimeifunga kwa gunia bichi. Utingo wa kivuko kakubali kuifikisha kwa Mzee Nkwabi, zawadi kutoka kwa mkwewe. Nimemwagiza awaambie waipande karibu kabisa na mlango wa mzee, asubuhi akitoka aifikie bila taabu.