Msiba wa Marko, Langoni

Leo nimejiaibisha mtaa mzima wa Langoni, na mguu wangu haukuvuka hata kizingiti. Hicho nacho ni kipaji.

Kwa wasionijua: mimi ni mjane, niko kwenye eda. Mume wangu Athmani, fundi wa mashine za boti, alilala mzima na hakuamka. Basi nakaa ndani. Sitoki, sijipaki wanja, sinukii kitu (kitunguu hakihesabiki). Na siku za eda ni ndefu, jamani. Unafua, unapika, unapanga sahani, ukichungulia dirishani bado ni asubuhi.

Kuna jambo lazima niliseme kwanza, maana bila hilo hamtaielewa aibu yangu. Sikulia. Siku ya mazishi nyumba ilijaa, kila mtu analia, mimi nauliza kama vikombe vinatosha. Machozi hayakuja siku ile, wala siku zilizofuata. Mama mkwe wangu, Bi Khadija wa Chundwa, alinitazama nikizunguka na sinia, akawaambia wanawake jikoni: "Mke hana hata tozi moya." Maneno hayo ya chozi yalinifikia kabla chai haijapoa. Akarudi kwao Pate, na tangu hapo simu zangu hapokei.

Iliniuma. Iliniuma kuliko ninavyoweza kuandika hapa. Nilimpenda Athmani. Hata tabia yake ya kufuta mikono yenye grisi kwenye mapazia yangu nilikuwa nimeizoea (uongo, sikuizoea, lakini leo ningempa mapazia yote).

Sasa. Rafiki yangu Salma, fundi cherehani wa nyumba ya pili, akaniletea riwaya nipitishie wakati. Ni mapenzi ya zamani, ndani ya nchi moja ya Wakomunisti iliyojifungia komeo, haingii mtu wala hatoki (nikaona, hawa wenzangu). Mtungaji hajaitaja nchi yenyewe kwa jina, naona na yeye anaogopa. Vera anafuma vitambaa kiwandani. Marko anatengeneza redio. Wanapendana, wanaoana, theluji inaanguka. Halafu inagunduliwa kwamba babu yake Marko alikuwa na mashamba, na Marko anachukuliwa. Harudi. Na katika nchi ile, kumlilia adui wa chama ni kosa. Kwa hiyo kila asubuhi Vera anakwenda kazini uso mkavu, na majirani wanasema hakumpenda mumewe.

Leo nikafika pale Kiongozi Mkuu anapokufa. Vipaza sauti vinaamrisha watu wote wakusanyike uwanjani walie. Kulia ni amri! Vera anasimama katikati ya umati, anafungua mdomo, na anamlilia Marko. Kwa sauti, mbele ya askari. Na hakuna anayejua.

Mimi nikapasuka.

Sikulia kama mtu anayesoma kitabu. Nilianguka kwenye mkeka nikalia kwa sauti ambayo sikujua kuwa ni yangu. Na nyumba za Langoni mnazijua, ukipiga chafya jirani anakuombea rehema.

"Melia!" nikamsikia Bi Rukia, wa ukuta kwa ukuta, akiita dirishani. "Alhamdulillahi, melia! Ndooni!" Eti nimelia, watu waje! Ungedhani nimejifungua.

Kufumba na kufumbua ukumbi umejaa. Huyu ana birika la kahawa, yule ana haluwa. Bi Rukia ananipapasa mgongo: "Lia, mwanangu, lia, ila usipige mayowe." Mmoja akaanza Yasini, wengine wakaifuata. Kumbe mtaa mzima ulikuwa unalingojea chozi langu! Mimi nimeshakisukumia kitabu chini ya mto, kamasi zinatiririka, natafuta pa kuanzia. Mtu anasemaje? "Samahani, huyu si Athmani, huyu ni Marko"?

Na hapo, katikati ya kisomo, akaingia Bi Khadija.

Alikuwa amepanda boti Mtangawanda, bandari ya kwao Pate, tangu alfajiri. Amekuja kuzichukua nguo za mwanawe, amalizane nami, kila mmoja ashike lake. Kilio akakisikia akiwa bado njiani. Akaitupa pochi mlangoni, akaja moja kwa moja akanikumbatia. Hajawahi kunikumbatia, hata siku ya harusi.

"Mwanangu! Kumbe ulimpenda! Nisamehe, nimekudhulumu!"

Nami, Mungu anisamehe, nikanyamaza. Nikamshika kwa nguvu. Nilitaka tu anikumbatie kidogo zaidi, halafu ndiyo niseme.

Sikupewa nafasi. Salma akaingia mbio, futi ya kupimia shingoni, uso umechanua.

"Umefika uwanjani! Nimekusikia mpaka kwenye cherehani, nikasema tu, huyo ni Marko! Si nilikuambia utalia? Mimi nililia mpaka nikashona mkono wa gauni kwenye shingo!"

Kisomo kikakatika.

"Marko ni nani?" akauliza mkwe wangu.

Salma akatazama kahawa, akatazama haluwa, akatazama misahafu. "Ni mtu wa kwenye kitabu," akasema kwa sauti ndogo sana.

"Tumemsomea Yasini mtu wa kitabuni?" Bi Rukia akashika kiuno.

"Muislamu?" akauliza mwingine, kwa matumaini.

"Mkomunisti," nikajibu. (Kwa nini nilijibu, sijui. Hakuna aliyenishikia kisu.)

Mtu akachekea ndani ya leso. Ikabidi nikitoe kitabu chenyewe. Na jalada lake, jamani! Mwanamume wa watu kafungua vifungo mpaka kitovuni, amemkumbatia Vera kwenye theluji. "Na baridi yote ile!" akasema Bi Rukia.

Walicheka. Mimi sikusikia vizuri, kwa sababu Bi Khadija alikuwa ameitoa mikono yake mwilini mwangu. Polepole, mmoja, halafu wa pili. Hapo ndipo nilipoumbuka kwelikweli.

"Hoyo ndiye ulomlilia?" akauliza.

Nikamweleza yote. Kiwanda, uso mkavu, majirani, uwanja. "Mama," nikasema, "machozi yalikuwepo. Sikuwa na pa kuanzia. Nimeanzia kwa Marko."

Alikigeuza kile kitabu mikononi, akakitazama mbele na nyuma, na yeye kusoma hajui.

"Kilio chako nimekisikia tangu ndiani," akasema mwishowe. "Mimi nimefiwa na mume, nakiyua. Kile si cha mtu wa kitabuni." Kisha akanisogelea. "Na mamake Marko? Yeye alilia wapi?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Nikafungua kurasa. Nikarudi nyuma, nikaenda mbele. Salma naye akawa anakumbuka, anatikisa kichwa.

"Hayumo, Mama."

"Hayumo," akarudia.

Nikakumbuka siku ya mazishi. Wote walinitazama mimi, na yeye alinitazama mimi, na hakuna aliyegeuka kumtazama yeye. Uso wake nao ulikuwa mkavu. Nani angemwambia mama mtu kwamba hana tozi?

Akaweka kichwa begani kwangu akalia. Mtu mzima vile, akimwita mwanawe kwa jina alilokuwa akimwita utotoni, jina ambalo mimi mkewe sikuwahi kulisikia. Nami nikalia naye, na safari hii Marko hakuwamo kabisa. Bi Rukia akaanza Yasini upya, kutoka mwanzo.

Sasa amelala kitandani kwangu. Nguo za Athmani ziko kabatini, hatujazigusa.

Naomba msicheke. Na kama yuko kati yenu anayemjua yule mtungaji, mwambieni kitabu chake hakijaisha, amemsahau mama.