Kilo Zangu na Mgongo wa Bibie

Jumatatu, 4 Juni
Dada amenipa onyo la mwisho. Miaka mitatu nampanda farasi wake, Bibie, katika mbio za masafa marefu, na sijamaliza hata mara moja. Nikishindwa Jumapili, Bibie atapandwa na Bonge, mwenye bucha. Bonge! Kilo mia na tatu! Mimi themanini na sita. Mzigo mwepesi, farasi mwepesi. Hilo halihitaji shule. Naanza kupungua leo.

Jumatano, 6 Juni
Nimeshindia maji. Themanini na nne. Leo nimepima vifaa pia. Blanketi nene la chini ya tandiko lina kilo mbili kasoro. Nimelificha kabatini. Bonge alipita, akanishauri, bila kuombwa, kwamba farasi haangalii kilo, anaangalia mtu anavyokaa mgongoni. Kwenye miteremko, ati, yeye hushuka akakimbia kando yake. Nikamwambia aendelee kukata maini.

Ijumaa, 8 Juni
Themanini na mbili. Suruali inashikwa na kamba. Usiku wa kuamkia leo nimepata wazo kubwa: mpandaji na farasi ni mzigo mmoja! Nimemkatia Bibie nusu ya chakula. Alilamba ndoo, kisha akatafuna ukingo wa kofia yangu. Dada akauliza mbona Bibie analialia. Nikajibu ana hamu ya mbio.

Jumapili, 10 Juni
Kilo themanini na moja! Kilomita themanini mbele yetu.

Kufika ya thelathini naona nyota mchana. Siwezi tena kuinuka kwenye vikuku vya tandiko, pale miguu inapokanyaga. Nimemwangukia Bibie shingoni kama gunia lililofunguka. Bonge akatupita kwenye mteremko, anakimbia kwa miguu kando ya farasi wake mzee, anahema, na bado alinisalimia.

Kituo cha ukaguzi, kilomita arobaini. Daktari wa mifugo akapima mapigo ya moyo, akangoja, akapima tena. Hayakushuka hadi kiwango cha kuruhusiwa kuendelea. Akanishusha, akaondoa tandiko, akambonyeza Bibie mgongoni. Bibie akanywea. Akauliza blanketi liko wapi. Nikasema kabatini. Akauliza amekula nini. Nikasema nusu ndoo.

Akasema kilo zangu zisingemdhuru; njaa na tandiko lisilo na blanketi ndivyo vilivyomwumiza, pamoja na mtu aliyelala juu yake safari nzima. Dada, aliyekuwa akitungoja kituoni, hakupaza sauti.

“Kaka, imetosha. Na usimpande tena.”

Nilimkanda Bibie mgongo kwa maji hadi jioni. Niliona aibu, nakiri. Bonge alimaliza wa sita.

Jumatatu, 11 Juni
Bibie amepewa mapumziko ya mwezi mzima, kisha atakuwa wa Bonge. Imeniuma sana. Sikutoka chumbani mpaka saa sita.

Lakini kichwa kimefanya kazi. Bonge, kilo mia na tatu: kamaliza. Mimi, themanini na moja: nimeishia njiani. Nilikuwa kipofu! Ni uzito! Mteremkoni uzito unamsukuma farasi mbele, na Bonge, mjinga yule, anashuka na kuupoteza bure.

Mimi sitashuka. Mbio zijazo ni Septemba. Nitafika mia na kumi.

Dada amenikuta jikoni na sufuria nzima ya wali. Akauliza kulikoni. Nimemwambia asinisumbue, niko mazoezini.