Mkono Wangu Hauhitaji Gimbali

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Sherehe ya Kumuaga Milembe,
Bariadi.

Ndugu Mwenyekiti, ambaye pia ni mkwe wangu Elineema,

Mwangaluka. Unaandikiwa na mtu pekee kati ya Lamadi na Maswa ambaye akiugua siku ya Jumamosi, harusi zinasogezwa mbele. Nimepiga video za harusi, komunyo, uzinduzi wa visima na ngoma tangu enzi za kanda. Kuna kiongozi mmoja, simtaji kwa heshima yake, alikata utepe mara tatu kwa sababu nilimwambia kidevu hakijakaa vizuri. Shule niliishia darasa la sita, ni kweli, lakini waliomaliza ndio wanaosimama kunisubiri niwaambie watabasamu.

Sasa elewa ni mtu wa namna gani anayelalamika. Wiki iliyopita katibu wako Kwandu, ambaye ni binti yangu wa kumzaa, alinisomea azimio la kamati: kwamba sitapiga video ya kumuaga Milembe mpaka nichague gimbali, yaani kile kifimbo chenye mota shingoni kinachoshika kamera isitikisike. Nisipochagua kabla ya tarehe kumi na mbili, kazi apewe Ansbert wa Lamadi. Alisoma bila kunitazama usoni. Milembe ni mtoto wa mwisho wa marehemu dada yangu, na baada yake sina mpwa mwingine wa kumuaga. Kwa hiyo napinga, na hoja zangu ni hizi.

1. Azimio linasema video ya kumuaga mkeo Flora, dada yake Milembe, ilitikisika tangu Flora anatoka ndani mpaka keki inakatwa. Haikutikisika video, Mwenyekiti. Ilitikisika Mwamapalala, kijiji kizima. Wachezaji arobaini wa bugobogobo walikuwa wanarusha majembe na kukanyaga chini kwa pamoja, mpaka ng'ombe wa jirani wakakata kamba. Ardhi ikitikisika, kamera ya mtu mwaminifu inasema hivyo hivyo. Shangazi Minza alipoitazama ile video alishika kiti kwa mikono miwili akaomba maji. Mnalichukua hilo kama aibu. Mimi nasema mama wa watu alijiona yupo palepale.

Na ile sauti ya kuvuta kamasi inayosikika Flora anapotokea mlangoni, nimeshaeleza mara nyingi na sipendi kurudia. Ni mbuzi wa jirani Masele. Alikuwa amefungwa nyuma yangu na alikuwa na mafua.

2. Pamoja na hayo nilikwenda dukani kuchagua, nikiwa na Kwandu. Swali la kwanza la muuzaji likawa: kamera yako ina uzito gani? Mtu hajaniuliza habari za nyumbani, ananiuliza kilo. Kwandu akaniambia taratibu, baba, kila gimbali ina uzito wake wa kubeba. Nikaona isiwe taabu, nikaipeleka kamera kwenye mizani halali, ile tunayopimia pamba kwenye chama cha ushirika. Nikaiweka. Mshale haukuamka. Karani akapigapiga mizani kwa kiganja, akatazama tena, akatamka mbele ya wakulima kumi na moja kwamba kamera hii haina uzito. Mizani hiyo imepima pamba ya tarafa nzima na hakuna aliyewahi kubisha.

Nikarudi dukani na kuomba gimbali ya kamera isiyo na uzito. Nikapewa moja nyembamba kama mwiko, Kwandu akawa ananong'ona kwamba hiyo ni ya simu. Nilipoipandishia kamera yangu na kuiwasha, iliinamisha shingo mpaka kifuani kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba, ikatetemeka, ikazima. Muuzaji akasema nimeielemea. Nimeielemea kwa kitu ambacho hakina uzito? Ukiona mambo ya namna hiyo ujue tatizo si mpiga picha.

3. Nilitaka kuchagua kwa utaratibu ninaoujua, wa mnadani. Ng'ombe hanunuliwi kwa kuambiwa. Unamtazama meno, unambonyeza nundu, unasema mtembezeni nione mguu. Nikaomba ile kubwa aliyoishika Kwandu, ya pili kutoka kushoto rafuni, waitembeze mpaka barabarani na kurudi. Muuzaji akacheka, akasema yenyewe haitembei, ninatembea mimi.

Na unajua inavyotakiwa kutembea nayo? Kwandu alinionyesha katikati ya duka. Unakunja magoti, unatanguliza kisigino, makalio nyuma, unanyata. Mkwe wangu, mimi mtu mzima, nipite hivyo mbele ya wakwe wapya waliokuja kumchukua binti yetu? Huku mtu akitembea hivyo ama anakamata kuku, ama amechelewa kufika chooni. Watamwacha Milembe waulize ndugu zake wengine wakoje.

4. Halafu haina utii. Nikigeuza mkono kulia, yenyewe inabaki inatazama mbele, inafikiria kwanza, ndipo inageuka kwa madaha. Nimelima na maksai miaka ishirini, ninajua dume anayejifanya hasikii. Lakini yule unamwita jina. Hii ukiiita inakuwashia taa nyekundu, kumbe inataka kuchajiwa.

5. Sasa Ansbert. Nimetazama kazi yake moja kwa macho yangu mawili. Kila kitu kimetulia. Bibi harusi anateleza kama amewekwa juu ya sahani ya mafuta. Wazee wanaonekana kama walivyo. Hapo ndipo kuna hatari ambayo kamati haijaifikiria, na ninaiandika kwa heshima zote za ukwe.

Wewe ni mtu wa Same, umekuja huku kwa uhamisho wa kazi, na hatukudai ujue kucheza. Lakini kwenye video ya Flora unaonekana unacheza kuliko Wasukuma. Mama mkubwa hapa nyumbani bado anakusifu mabega. Elineema, ulikuwa umesimama. Mguu wako haukunyanyuka hata mara moja, mkononi una soda. Ni mkono wangu uliokuchezesha. Vivyo hivyo shangazi Minza, na kwaya karibu yote. Heshima ya ukoo huu kwenye uchezaji imebebwa na kiwiko changu kwa miaka kumi na saba. Mkinifunga gimbali, au mkimleta Ansbert, mjue mnaanika watu.

Kwa hiyo naomba azimio lifutwe, Ansbert aje kama mgeni mwalikwa na akae meza ya nyuma, na katibu aandike kwenye kumbukumbu kwamba mkono wa Protas Machibya ni mzima na haujawahi kutetemeka.

Nisalimie Flora na wajukuu. Wajumbe wote wa kamati nawasalimu, hata wale walionyoosha mkono kuunga azimio. Kwandu wameniambia alinyoosha wa kwanza, mwambie chakula chake nimefunika jikoni. Wabeja sana kwa kunisoma mpaka hapa.

Ni mimi mjomba wenu,
Protas Machibya,
Mpiga Video Mkuu.

N.B. Nilipomaliza kuandika niliitazama tena ile video ya Flora peke yangu. Basi mwambie Kwandu akaichukue ile gimbali ya pili kutoka kushoto, nitakunja hayo magoti. Flora nilikuwa nampeleka shule kwenye keria ya baiskeli yangu, amekumbatia daftari, na siku ile alipotokea mlangoni nilimwona hivyohivyo. Milembe alikuwa anakaa mbele, kwenye bomba. Kwa hiyo siku ya kumuaga yeye mkono mmoja utakuwa na leso, na kamera lazima ishikwe na kitu kingine. Muulizeni pia muuzaji kama ana kifaa cha kutuliza sauti. Masele hajawahi kufuga mbuzi.